Diski Isiyo na Herufi

Nililala nikaiacha inameza bando la usiku,
asilimia kumi na tatu, kumi na nne,
usizime, iliniambia, nami sikuzima.
Asubuhi Isevya ikaamka, na mashine yangu ikaamka
na sura ngeni: samawati iliyopauka,
saa imehama pembeni, na maandishi, Karibu tena.
Karibu tena! Kana kwamba mgeni ni mimi.

Nikachomeka diski.
Taa ikawaka. Nikaweka kiganja juu yake
nikausikia ule mtetemo mdogo,
nyuki ndani ya mzinga ulioinamishwa.
Kwenye kioo, kimya.
C ipo. D ipo.
Yangu haipo.

Miaka tisa ya harusi za watu imo humo,
za Kanyenye, za Cheyo, hadi Sikonge na Urambo,
shela, keki, wajomba wakihesabu noti mbele ya kamera
ili hata kamera iwe shahidi.
Na leo saa nane anakuja Kalunde Msabila
kuchukua yake.

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Nikahamia tundu la nyuma, lenye vumbi la kiangazi.
Nikaazima waya kwa Sizya muuza vocha:
kumbe wa kuchajia tu, unabeba umeme, haubebi neno.
Nikazima nikawasha.
Nikazima, nikahesabu hadi sitini, nikawasha.
Nikasema bismillahi, nikatukana, nikaomba radhi.
Sizya, mlangoni: "Si uifute tu ianze upya?"
Nikamtazama mpaka akarudi kwenye vocha zake.

Ndipo nikamwita Nyamizi, fundi simu wa njia ya stesheni.
Akaja anatafuna matobolwa, hana haraka,
treni ya Mpanda inapiga honi nyuma yake.
"Inatetemeka?"
Inatetemeka.
"Basi usiilie."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, kuukuu,
isiyosasishwa tangu kitufe cha A kilipong'oka:
mafolda yote, tele, kama kuku wa jioni.
Akairudisha kwangu. Akafungua chumba nisichokijua,
mfumo unapoorodhesha vitu vyake,
na hiyo hapo, diski yangu, nzima, ukubwa wake wote,
ila haina herufi.
Ilikuwa F. Usiku ule F wakapewa wengine.
Haikufa, haikufukuzwa.
Ilibisha hodi mlango uleule
na mlangoni hakuna aliyejua aiiteje.

Menyu ikashuka. Mistari miwili imefuatana,
mmoja wa kubadili herufi, mmoja wa kufomati,
na kati yake hata ukucha haupiti.
Nikashika pumzi. Nyamizi hakushika.
Akachagua T. "Mbona T?"
"Ilikuwa karibu na kidole."

Saa nane na robo, Kalunde.
Nikamwekea lango, gari lenye maua, pete.
"Ruka," akasema.
Nikamwekea bwana harusi akilishwa keki.
"Ruka, huyo alishaondoka na pikipiki yangu."
Tukaruka hotuba, tukaruka mchele,
tukafika mahali ambapo mimi, siku ile,
niliona aibu kwamba kamera imeyumba:
mwanamke wa makamo ana ungo kichwani,
anacheza peke yake karibu na jenereta,
hajui kama anarekodiwa.
Sekunde arobaini na mbili.
"Mama," akasema. Halafu, "Rudisha."
Nikarudisha.
Nyamizi akaacha kutafuna.

Alitaka hizo tu. Nikampa kwenye flashi
ndogo kama punje ya hindi.
Akaifunga pindoni, mahali pa pesa,
akabishania bei, akalipa pungufu, akaenda.

Nami nimenunua diski ya pili, kwa mkopo,
na ile ya kwanza nimeiandika T mgongoni
kwa wino wa kuandikia majina ya ndoo.
Jana usiku nikasikia feni ya mashine imeanza kuhema,
asilimia mbili, asilimia tatu.
Nikainuka gizani, nikaichomoa diski,
nikalala nayo chini ya mto.